Hujawahi Kuisikia Kayamba ya Mama Yako

Mwanangu Upendo,

Salamu za kuulizana hali tuziache, maana nakusikia hapo chumba cha pili ukigombana na zipu ya begi, kwa hiyo najua u mzima na mikono ina nguvu. Mimi nami ni mzima. Nimekaa mezani, jua bado liko juu ya mgomba wa jirani, na mama yako mdogo amenipiga marufuku jikoni mpaka chapati zako za safari ziishe. Aliniuliza ninaandika nini, nikamwambia barua ya usharika. Unaona, hata kabla ya aya ya kwanza kwisha nimeshasema uongo.

Mambo ya kushuka stendi, ya kushika mkoba, ya nani akupokee na nani usimwamini, sitayaandika. Mama yako mdogo ametoka Qurus tangu Jumatatu kwa kazi hiyo moja, na nimekuona jana ukimwitikia "ndiyo mama" huku macho yako yako dirishani. Yametosha. Mimi nina jambo moja tu, na nimejaribu kukuambia mara tatu kwa mdomo nikashindwa. Mara ya mwisho ilikuwa juzi, tulipokuwa tunafunga kibanda. Nikasema, "Upendo," ukasema, "Abee baba," nikasema, "Kesho kutakuwa na baridi." Ukaniangalia kama mgonjwa.

Jambo lenyewe ni hili. Ule wimbo wa mavuno wa mama yako, ulio kwenye simu yako na kwenye flashi uliyoifunga na kitambaa, ule unaousikiliza tangu ukiwa darasa la tano, si sauti yake kamili. Ni mabaki. Na aliyeiharibu ni mimi, kwa mkono wangu, mchana kweupe, nikiwa na akili timamu na kikombe cha chai pembeni.

Ngoja nikueleze kwa mpangilio, maana nikianza kujitetea nitapotea njia.

Nilikuja Karatu kutoka Kilimanjaro nikiwa kijana, nikiwa na deki mbili za kanda na maneno mengi. Nikafungua kibanda cha kurekodi pale barabarani. Mtu analeta kanda, anachagua nyimbo, kesho anakuja kuchukua. Mama yako nilimfahamu kwa ugomvi. Kwaya yao ya Endamarariek ilinipa kazi ya kuwarekodia, na wiki iliyofuata akaja msichana mrefu, mweusi wa kung'aa, akaweka kanda juu ya meza yangu bila hata hodi. "Kaka," akasema, "hii kanda ina upepo kuliko kwaya." Nikamwambia mashine ni nzima, labda redio yao ndiyo mbovu. Akasema, "Redio yetu ni mbovu, ndiyo. Lakini upepo ni wako." Nikairudia kazi. Mwaka uliofuata nikamwoa, na sikumaliza kushindwa naye mpaka alipofariki.

Wewe ulikuwa na mwaka mmoja na nusu tulipoirekodi ile kanda. Hatukwenda kanisani, tulirekodi hapa hapa sebuleni. Nilitundika mablanketi madirishani ili kuzuia kelele za malori, nikapanga kinamama watatu wa kwaya pale kwenye kabati, na mama yako mbele yao na kayamba yake. Kayamba ile aliinunua sokoni, akaifungua ubavuni, akamwaga mbegu zote na kutia nyingine alizochagua mwenyewe moja moja, kwa sababu aliona zile za sokoni zina uvivu. Watu walikuwa wakisema Martha akitikisa kayamba unaweza kuzihesabu mbegu. Si maneno ya kumsifu marehemu. Walisema akiwa bado hai, na wengine walisema kwa wivu.

Wewe ulikuwa mapajani kwa mama yako mdogo, unalia. Na mwanzoni mwa kanda, kabla ya wimbo, mama yako anasikika akinifokea: "Baba Upendo, unarekodi au unatutazama? Mtoto analia na ugali haujasongwa. Bonyeza!" Na mimi nilikuwa nimeshabonyeza. Kinamama wanacheka, wewe unalia, halafu kuna kimya kidogo, halafu yeye anavuta pumzi, pumzi nzito ya mtu anayejiandaa kubeba ndoo, na kayamba inaanza.

Hayo yote hujawahi kuyasikia. Wewe unaujua wimbo tu.

Ugonjwa ulimchukua kwa wiki mbili, ukiwa bado hujatimiza miaka minne. Baada ya hapo niliipiga kanda ile kila siku, asubuhi na jioni, mpaka ikaanza kulegea na sauti kuyumba. Ndipo nikaogopa. Kompyuta ilipofika kibandani, miaka ile ambayo kila mtu Karatu alianza kutaka CD, kazi ya kwanza niliyoifanya ni kumwingiza mama yako. Niliingiza kanda yote kama ilivyo, bila kupunguza kitu. Mafaili ya namna hiyo, yale ya WAV, ni makubwa mno, dakika moja tu inakula megabaiti kumi. Lakini kila kilichokuwa kwenye kanda kilikuwamo. Miezi michache baadaye deki ikaila kanda yenyewe, ikaitafuna na kuikunja hata nikashindwa kuinyoosha. Sikulia. Nilisema moyoni, si nimeshamhifadhi?

Sasa ndiyo ikaja biashara ya nyimbo mia. Unaikumbuka, ulikuwa unanisaidia kuandika majina kwa kalamu ya wino mnene. Madereva wa utalii walikuwa wanataka CD moja yenye nyimbo za kutosha kwenda Serengeti na kurudi. Hawakuniuliza zinalia vipi, waliniuliza ziko ngapi. Kwa hiyo nilizigeuza zote kuwa MP3, tena zile ndogo kabisa, nyembamba, ili ziingie nyingi. Wewe utafundishwa vizuri zaidi huko chuoni, lakini nilivyoelewa mimi ni hivi: ili wimbo uwe mdogo, kompyuta inatupa kile inachodhani sikio lako halitakigundua. Ni kama kukoboa mahindi. Ukikoboa kidogo, mlaji hajui. Ukikoboa sana unabaki na sembe nyeupe ya kupendeza, na virutubisho vyote vimekwenda na pumba.

Diski ya kompyuta ikajaa. Nikatazama ndani nione kipi kikubwa cha kutoa, nikamkuta mama yako amekaa pale, mkubwa kuliko wote. Nikatengeneza nakala yake ndogo. Na ili usije ukasema baba alikuwa mzembe, nilifanya jaribio. Nilizichoma zote mbili kwenye CD, kubwa na ndogo, nikamwomba rafiki yangu Lohay, dereva, anipakie siku aliyokuwa akipanda kuchukua wageni kreta. Tulipopita lango la hifadhi nikaweka ya kwanza, halafu ya pili. Gari ni la dizeli, barabara ni ya changarawe, madirisha wazi, vumbi, na Lohay anabadilisha gia kila kona.

"Mangi," akaniambia, maana kwake kila aliyetoka Kilimanjaro ni Mangi, "mbona umeweka wimbo uleule mara mbili?"

"Umesikia tofauti?"

"Tofauti ya nini? Ni shemeji anaimba. Safi kabisa."

Mimi pia sikusikia tofauti, mwanangu. Nakuapia. Tulifika juu ukingoni mwa kreta nikiwa na furaha, nikijiona mtaalamu. Niliporudi kibandani nikafanya na usafi kidogo. Nikakata yale maneno ya mwanzo, nikiona haifai mtoto akue akimsikia mama yake anafoka. Kisha nikafuta faili kubwa, na ile CD ya jaribio nikaitupa, kwani ilikuwa imekwaruzika vibaya kwenye redio ya Lohay. Kompyuta iliniuliza kama nina hakika. Nikajibu ninayo.

Nilipima kitu cha sebuleni kwa masikio ya barabarani. Hilo ndilo kosa langu, na nimelitafakari miaka mingi bila kupata jina jingine la kulipa.

Wa kwanza kunishika ni mama yako mdogo. Unakumbuka sherehe ya kipaimara chako kule Qurus? Nilikodi spika mbili kubwa, nikaweka wimbo wa Martha ili familia imkumbuke. Watu wakafuta machozi. Mama yako mdogo akanisogelea pembeni ya turubai, hana hata tone. "Shemeji," akasema, "huyu nani anaimba?" Nikamwambia ni dada yako, umesahau mara hii? Akasema, "Dada yangu sijamsahau. Huyu ni mtu amefunikwa blanketi. Na nani anamwaga mchanga?" Nikakasirika. Nikasingizia spika, nikasingizia jenereta, nikamwambia mambo ya mashine hayajui. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu niliirefusha kadiri nilivyoweza.

Haikupita miezi miwili, gari la Lohay likapata pancha mbele ya kibanda, likiwa na mgeni mmoja mzee aliyekuja kurekodi ndege wa msituni huko juu. Wakati tairi linazibwa, yule mzee akakaa kwenye benchi langu na kunivalisha hedifoni zake, kubwa kama vikombe vya uji. Nikasikia ndege akiruka kutoka kwenye tawi. Si mlio, mwanangu, nilisikia bawa lenyewe, na tawi likirudi mahali pake. Mikono ikaniwasha. Nikamwomba aniazime dakika tano, nikamweka mama yako.

Nilisikia kila nilichokifanya. Kayamba ilikuwa maji machafu. Zile mbegu alizochagua moja moja zilikuwa zimekorogana, zinachuruzika tu nyuma ya wimbo kama mtu anaosha mchele. Kila alipotamka "s" kulikuwa na mluzi ambao hakuwa nao. Kinamama watatu walikuwa wamekuwa mmoja. Na pumzi haikuwepo, niliikata pamoja na yale maneno ya mwanzo. Niliirudisha mwanzo mara nne, nikiitafuta pumzi.

Yule mzee aliona uso wangu. Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza akaniuliza, "Ya kwanza iko wapi?"

Nikamwambia haipo. Akanipigapiga begani, akachukua hedifoni zake, akapanda gari.

Baada ya hapo nikafanya ujinga ambao nauona aibu kuuandika. Nilisikia kijana mmoja Arusha akisema unaweza kuigeuza MP3 irudi kuwa WAV. Nikaigeuza. Faili likanenepa, likawa kubwa kama lile la zamani, nikafurahi kama mwendawazimu. Nikasikiliza. Sauti ileile. Unaweza kuijaza sembe kwenye gunia la dona, ule unga usiokobolewa, haitakuwa dona. Nilikwenda pia kwa wale kinamama watatu, mmoja mmoja, kuuliza kama kuna aliyebaki na nakala. Nilijua jibu. Mama yako alikataa kanda ile isiuzwe wala kugawiwa. Alisema ni ya nyumbani.

Hayo yote ni makosa, Upendo, na makosa mtu anaweza kuyabeba. Ninachoshindwa kukibeba ni kilichotokea mwaka jana.

Tulikuwa mazoezini kanisani, wewe na kayamba yako, na kinamama wanakusifia kwamba unafuata nyayo za mama yako. Ukacheka ukasema, "Mama alikuwa anaimba, jamani, lakini kayamba hapana. Anachafua. Mimi nimejifunza kwa makosa yake." Wakacheka. Wale wa zamani walinitazama mimi, wakisubiri baba mtu aseme neno. Na mimi nikacheka.

Nilicheka, mwanangu. Mwanamke aliyefungua kayamba ya sokoni na kuchagua mbegu kwa vidole, nikamwacha binti yake mwenyewe aamini kwamba hakujua kupiga. Ilikuwa sentensi moja tu kuirekebisha. Sikuisema, kwa kuwa ingenilazimu kusema na ya pili, kwamba nilifuta.

Na nikiwa nimeshafungua mdomo, acha nitoe na lingine. Ukiniuliza habari za mama yako, kwa miaka yote hii nimekujibu kwamba alikuwa mpole, mcha Mungu, mwenye tabasamu. Umewahi kuniambia kwamba unajiona huna upole wake, kwamba hasira zako sijui umezitoa wapi. Nikakupa maneno ya Biblia. Upendo, mama yako hakuwa mpole! Alikuwa na huruma, hilo ni kweli, lakini alikuwa mkali kama pilipili. Alicheka kwa sauti hata msibani, mpaka wazee wakakohoa. Alisahau kufunga kuku. Alikuwa akiongea Kiiraqw haraka haraka akitaka nisielewe, na nilipoanza kuelewa akaongeza mwendo. Aliogopa nyati tu, watu hapana.

Na aliwahi kunikimbia. Hilo hata mama yako mdogo hajakuambia, kwa kunisitiri. Siku hizo kibandani, kanda ikiwa imevunjwa vile vidude vya plastiki vya juu ili isirekodiwe tena, sisi tulikuwa tunaziba matundu kwa karatasi na gundi na kurekodi juu yake. Wote tulifanya hivyo. Siku moja kanda tupu zikaisha, mteja amesimama dirishani, nikachukua kanda ya kwaya yao ya Pasaka, nikaziba matundu, nikamrekodia muziki wa dansi. Aliyevunja vile vidude alikuwa mama yako. Alivivunja kwa makusudi, kwa sababu alikuwa ananijua.

Alikufunga mgongoni akaenda kwao Endamarariek, akakaa wiki tatu. Nilipokwenda kumwomba msamaha nilimkuta anapalilia mbaazi. Hakusimama. Akasema, "Wewe unafikiri kitu kikishasikika kimemaliza kazi yake." Nikamwambia nimeelewa. Alirudi nyumbani kwa neno langu hilo. Na wewe umeshaona nilielewa kiasi gani.

Kwa hiyo ukijiona una hasira, usiihangaikie sana asili yake. Kaa na mama yako mdogo usiku huu, mwambie akusimulie Martha alivyokuwa, na akianza kumtakasa mkatize. Mwambie baba amesema aseme yote.

Huko unakokwenda kusomea utangazaji watakufundisha kupunguza mafaili, na ni sawa. Sina ugomvi na MP3, imenilishia mtoto na kumsomesha. Ukiitengeneza kwa ukubwa wa kutosha hata mimi na masikio yangu haya ya sasa sidhani ningeitambua. Kupunguza hakukuwa kosa. Nilifuta ya kwanza nikijiambia kwamba nimebaki nayo, kumbe nilibaki na kile tu ambacho Lohay angeweza kukisikia akiwa anapanda mlima. Naona nimekulea hivyo hivyo kuhusu mama yako. Nilichagua yale yanayosikika vizuri, mengine nikayatupa, nikakwambia ndiye huyo.

Sina cha kukurudishia. Laiti kungekuwa na kanda iliyosahaulika chini ya kitanda cha mtu, ningekwenda hata Arash, kule mbali umasaini, kwa miguu kuifuata. Haipo. Kilichobaki ni hiki nilichokuandikia: maneno yake ya mwanzo nimeyaweka kama alivyoyasema, pumzi ile ya kubeba ndoo, na ushahidi wangu kwamba mbegu zilihesabika. Najua karatasi haina sauti. Mimi ndiye niliyekuwepo, na masikio yangu yakifa hata hili litakufa, ndiyo maana nimeona uwe nalo wewe.

Mpango wangu ulikuwa niichomeke barua hii chini ya nguo zako, uikute ukiwa umeshafika Korogwe, mbali na mimi, na mtandao unakatika. Nilishaanza hata kuikunja ndogo. Halafu nikamwaza Martha angeniita nani, nikaikunjua.

Basi ninakuletea sasa hivi, mkononi, kabla ya chakula. Isome hapo kitandani. Mimi nitakaa hapa mezani wala sitajifanya nina shughuli. Ukimaliza, njoo. Kama una hasira, njoo nayo, na usinipunguzie eti kwa sababu nimezeeka au kwa sababu kesho unasafiri. Usinichagulie maneno mazuri. Mara hii nataka kuisikia yote.

Mimi baba yako,
nakusubiri.